Pua ya Shemeji Urbano

Shemeji yangu Urbano amekamua alizeti miaka ishirini na saba, na sijawahi kuona mtu anayependa mafuta kama yeye. Sisemi kuyauza, nasema kuyapenda. Bawaba ya mlango ikilia, anapaka mafuta. Mtoto akikohoa, kijiko cha mafuta. Mbuzi akichubuliwa shingo na kamba, mafuta. Mwaka ule mdogo wangu Eliana, ambaye ndiye mkewe, alipoteguka mguu, nilimkuta ameloa mpaka gotini kama samaki anayesubiri kikaango, na Urbano amekaa pembeni anasubiri kushukuriwa.

"Chuma kisichopakwa mafuta kinamla mwenzake," ndiyo kauli yake. "Na mwili ni chuma tu, shemeji, ila una nyama."

Mimi nafuga kuku hapa hapa Mwankoko, Singida, uzio wangu na wao ni mmoja, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Na kwa kuwa mimi ni dada wa mkewe, nina haki ya kumtania Urbano mpaka siku tutakapomzika, naye ana haki hiyo hiyo kwangu. Hakuna aliyeiacha haki yake ilale.

Amezaliwa Kilimatinde, kule juu karibu na Manyoni. Baba yake, mzee Melkiori, alikuwa fundi baiskeli, na nadhani ugonjwa wa kupaka mafuta ulianzia hapo kwenye minyororo. Urbano alimaliza darasa la saba kama mimi, akaja Singida mjini kubeba magunia kwa mzee Kitwana aliyekuwa na mashine ya kukamua. Wenzake wakienda kula, yeye alibaki amesimama karibu na mashine, kichwa kimeinama upande, anaisikiliza. Mzee Kitwana hakuwa mtu wa maneno. Siku moja alimwuliza tu, "Inasema nini?" Urbano akajibu, "Inasema beringi ya kushoto inaumwa." Wakafungua, kweli inaumwa. Toka siku hiyo hakubeba gunia tena. Alifundishwa kazi, na mzee alipochoka, mashine ile ilihamia Mwankoko kwenye banda la Urbano, na ipo mpaka leo.

Kwenye banda hilo kuna sheria mbili na kila mtu wa mtaa anazijua. Ya kwanza, kandambili haziingii. Ingia na viatu vya kufunga au ingia miguu mitupu. Ya pili ni ya spana: "Kaza mpaka isimame, usikaze mpaka ilie." Nati ukiizidishia nguvu inakata meno yake yenyewe, halafu inavuja kuliko mwanzo. Nimemsikia akiwaambia hivyo mafundi wenye vyeti vyao, wakalegeza.

Ziwekeni sheria hizo mbili mahali pazuri, nitazirudia.

Sasa, Urbano alikuwa anakoroma. Na sisemi kukoroma kwa kawaida kama kwa mume wako. Kuku wangu walikuwa wanahama upande wa uzio. Sisi tuliligeuza jambo hilo kicheko, tukampa jina la Injini. Aliyekuwa hacheki ni Eliana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasikia Injini inapozima. Inanguruma, inanguruma, kisha kimya. Anaanza kuhesabu. Ishirini. Thelathini. Halafu mume anashtuka kama aliyechomolewa majini, anavuta hewa, inawaka tena. Miaka yote hiyo mdogo wangu alikuwa mlinzi wa pumzi ya mtu mwingine, na mchana anachambua alizeti.

Naye Urbano mchana alikuwa analala kokote. Kanisani kwenye nasadiki. Kwenye kiti cha kinyozi. Siku moja alilala katikati ya utani aliokuwa ananitania mimi mwenyewe, na mpaka leo sijaambiwa mwisho wake.

Tukacheka hayo yote mpaka siku ya kofia. Alikuwa amesimama kwenye mashine, mkono una koleo la alizeti, akasinzia hivyo hivyo kwa miguu yake miwili. Akainama mbele, kofia ikadondoka kwenye mkanda, mkanda ukaimeza. Eliana alikuwa mlangoni, akaruka kwenye swichi. Kofia ilitoka upande wa pili vipande vipande kama mashudu. Kichwa kilichokuwa kimeivaa kilibaki shibiri moja tu kufika mkandani.

Siku hiyo hakuna aliyesema Injini.

Akapelekwa Dodoma, akalazwa usiku mmoja na nyaya kichwani kama redio iliyofunguliwa. Wakamwambia anakatika pumzi usingizini. Njia ya koo inajifunga akilala, ubongo unaamka kumwokoa, tena na tena mpaka asubuhi, ndiyo maana mchana hana kitu. Dawa yake ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia bomba mpaka kwenye barakoa ya puani, usiku kucha. Hospitali ya kwetu ikampa moja kwa kuazima, na daktari akampa masharti mbele ya mkewe: "Mzee, siku arobaini. Mashine hii ina kikadi ndani kinachoandika umelala nayo kwa saa ngapi. Ukilala nayo, itabaki kwako na tutazungumza habari ya kurudi kazini. Usipolala nayo, itaenda kwa mwingine, wapo wengi kwenye foleni. Na mpaka siku hiyo usiguse mashine ya kukamua."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa mashambani, umebaki mwezi mmoja na nusu tu zianze kuja kwa magunia. Kumwambia Urbano asiguse mashine msimu unapoanza ni sawa na kumwambia padri asiguse Krismasi.

Siku tano za mwanzo zilikuwa sherehe. Asubuhi ya kwanza alitoka nje anaimba. Urbano! Hakuimba hata kwenye harusi yake. Alisimama uani akatazama mti wa mwarobaini kama vile umepandwa usiku ule.

"Shemeji," akaniita juu ya uzio, "kumbe watu wote huwa mnaamka hivi?"

"Hivi vipi?"

"Mkiwa mmelala!"

Eliana naye alikuwa amelala mpaka jua likampiga usoni. Tulilipa bomba lile jina la Mkonga, tukakaribisha Mkonga kwenye ukoo.

Wiki ya tatu nikaanza kuona mambo. Jumapili alikuja kanisani kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi na leso imeshikwa puani kama bibi harusi mwenye aibu. Baada ya misa nikamfuata.

"Una nini?"

"Mafua, shemeji."

"Mafua gani yanatoa damu juu ya pua badala ya chini?"

"Nimegongwa na gunia."

"Gunia limekukanyaga katikati ya macho na kukuchora mistari miwili mashavuni? Limekuchukia tangu lini?"

Eliana akanivuta pembeni. Macho yake yalikuwa yamerudi kuwa mekundu. "Dada, Injini imerudi. Anauvaa Mkonga nikiwa macho. Nikipitiwa tu, anauvua. Nikimwuliza anasema ulijivua wenyewe."

Nikaenda nao moja kwa moja mpaka chumbani. Shemeji mwingine angeona haya kuingia, mimi sina muda. Nikamwambia alete barakoa niione. Niliishika, ikanitoka mkononi kama kambale.

"Urbano! Unakaanga nini humu? Maandazi?"

"Nimepaka kidogo tu. Ilikuwa inasugua."

"Halafu?"

"Ikaanza kuteleza. Hewa ikawa inatokea pembeni, inanipuliza machoni. Nikakaza mikanda."

"Halafu?"

"Ikanichubua. Nikapaka tena."

"Halafu ikateleza, ukakaza tena."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Sasa wewe umejuaje?"

Pua ilikuwa na kidonda kinachong'aa, kikubwa kama punje ya alizeti, pale juu ambapo miwani hukaa. Kimepakwa mafuta juu yake. Mikanda ilikuwa imekazwa mpaka imechora nyuma ya kichwa.

Hapo ndipo na mimi nikafanya la kwangu, na nitaliandika kwa sababu Urbano ameahidi kuliandika yeye nisipoliandika mimi. Nilisema, tatizo ni uchafu, na uchafu mimi naujua. Nikachukua beseni, sabuni ya unga mkono mzima, brashi ya kusugulia nguo za shamba, na dawa ya kutoa madoa kifuniko kimoja. Nikaisugua barakoa ile mpaka ikalia kwii. Nikaianika juu ya bati kwenye jua la saa sita. Jioni nikaikabidhi imekauka kau, nikamwambia, "Vaa kitu cha binadamu."

Kesho yake asubuhi nilimwona anakuja kwenye uzio polepole. Pua ilikuwa na kidonda chake kama kawaida. Kuizunguka, kutoka juu ya pua mpaka juu ya midomo, kulikuwa na duara jekundu lenye vipele, kama mtu aliyelalia sufuria ya moto.

"Shemeji," akasema kwa utaratibu, "mimi nilikuwa na kidonda kimoja. Wewe umenipa na familia yake."

Nikamwomba radhi. Mtu yeyote wa Mwankoko atawaambia hilo halitokei kila mwaka.

Siku hiyo akaufungasha Mkonga kwenye begi lake, bomba limekunjwa vizuri, akaliweka begi mlangoni. "Kesho nairudisha. Apewe anayeiweza. Siku ishirini zimeisha, kumi na tano sijalala nayo vya maana, kile kikadi kinaniandika mwongo kila siku. Bora niondoke mwenyewe kuliko kufukuzwa."

Eliana alikuwa anapepeta. Hakuinua uso. "Na banda?"

"Utaendesha wewe. Unaiweza."

"Naiweza. Lakini mimi sikuolewa na mashine. Nimeolewa na anayeisikiliza."

Urbano akageuka kulitazama banda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, na mbele yake, kwenye kigogo, kulikuwa na viatu vyake vya kazi, vikavu. Viatu vile kuviona vikavu ni kama kuona jiko baridi. Akasema maneno fulani kwa Kigogo cha kwao Kilimatinde ambayo siwezi kuyaandika, akaingia ndani.

Eliana akasimama, akapekua begi, akaona namba ya simu iliyobandikwa ndani, akapiga.

Aliyekuja alikuwa Sista Rukaiya, muuguzi wa kliniki ya hospitali ile iliyotoa mashine. Ni binti wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alikuja alasiri, siku yake ya mapumziko, na kwa kuwa ni mapumziko alivaa baibui lake zuri na kandambili za pinki.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

Tukaitikia. Hakukaa. Alisema kwanza anaomba aone mahali baba anapofanya kazi, maana amesikia sifa za mafuta yake. Nikaona huyu mtoto ana akili, anajua pa kumshikia mzee. Eliana akafungua kamba. Rukaiya akainua mguu kuvuka kizingiti, na Urbano, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, akanguruma:

"Hapana! Kandambili haziingii humo!"

Rukaiya akabaki na mguu hewani. "Samahani baba. Kwa nini?"

"Mafuta, mwanangu. Mafuta na mpira havipatani. Zikilowa mafuta zinavimba, zinalegea, zinakuwa telezi. Unakaza kidole kuzishika, kamba inakukata katikati ya vidole. Nimeona watu wameanguka humo. Mpira hautaki mafuta, hata tone."

"Hata tone?"

"Hata tone!"

Rukaiya akashusha mguu taratibu. Akamtazama usoni, kwenye lile duara, kwenye kile kidonda kilichopakwa mafuta asubuhi ile ile. "Na ule unaouvaa puani usiku, baba," akasema kwa adabu kabisa, "umetengenezwa kwa kitu gani?"

Jamani. Urbano akapeleka mkono puani. Akatazama zile kandambili za pinki. Akatazama begi mlangoni. Halafu akajikunja, nikadhani anaumwa, kumbe ni kicheko kinapanda. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Eliana akaanza, mimi nikafuata, hata Rukaiya akajificha kwenye ncha ya ushungi.

"Nimeingia na kandambili," akasema Urbano akifuta machozi. "Kwenye uso wangu mwenyewe. Na nikakaza kidole!"

"Kaza mpaka isimame," nikamkumbusha, "usikaze mpaka ilie. Ni nani vile huwa anasema hivyo?"

"Nyamaza, shemeji. Wewe umeifua kwa brashi."

Rukaiya akageuka kwangu. Binti wa watu alinipa jicho ambalo mama yangu aliacha kunipa mwaka aliofariki. Nikaenda kuangalia kuku.

Niliporudi somo lilikuwa limeanza, na nililisikiliza lote nimesimama. Alimwosha Urbano uso kwa maji safi, akakausha kwa kupigapiga, si kwa kusugua. Akakisafisha kidonda, akakifunika kwa kibandiko laini. Akapima pua kwa kikadi chenye matundu.

"Saizi yako ni hii hii," akasema. "Pua haina kosa, barakoa haina kosa. Kilicho katikati yao ndicho kilichowagombanisha."

Akatoa barakoa mpya badala ya ile niliyoichuna mimi. Akaeleza: jioni, kabla ya kulala, uso uoshwe kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, ukauke, usipakwe chochote. Asubuhi mpira wa barakoa uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hiyo hiyo, kwa vidole tu, usuuzwe mpaka usiwe na povu, ukaushwe kivulini. Hapo alisema kivulini mara mbili, na mara ya pili alisema akielekea upande wangu. Mikanda nayo ifuliwe kila wiki, maana jasho likikaa linawasha. Ndevu zisiachwe zikawa za siku tatu, zinainua mpira hewa ikavuja. Na kidonda kikichimbika, au kikitoa usaha, aje kliniki haraka, asikifanyie uganga wa nyumbani.

"Na mafuta yangu?" Urbano akauliza. Sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Asubuhi, baba, ukishaivua, jipake mpaka nikuone kutoka mjini. Jioni uyaoshe tu."

Hapo nikaona mabega yake yameshuka. Hakuwa amepokonywa mafuta. Amepangiwa zamu.

Halafu akaomba fulana kuukuu ya pamba. Eliana akaleta ya kwaya, ya bluu, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama utando wa uji. Rukaiya akaweka barakoa juu ya karatasi, akachora umbo lake, akakata tundu la pua, na Eliana akakata fulana kwa kufuata karatasi. Kikatoka kitambaa kama pete kubwa, cha kukaa kati ya mpira na ngozi, kinyonye jasho. "Kibadilishwe kila usiku," akasema. Kutoka fulana moja walipata tisa.

"Sasa, baba, twende ukalale."

"Saa tisa hii?"

"Wewe ulikuwa unaikaza umekaa. Ukilala, uso unabadilika, mashavu yanashuka. Barakoa inapimwa mtu akiwa amelala, na hewa inavuma."

Basi mzee akalala kitandani alasiri kweupe, mlango wazi, wanawake watatu tumemsimamia kama tunaosha maiti, ila maiti yenyewe inalalamika kwamba tunamkodolea. Mashine ikawashwa. Rukaiya akalegeza mikanda, akalegeza tena. Hewa ikapiga fii pembeni. Urbano mkono ukaenda kwenye mkanda, wa kukaza. Rukaiya akaushika.

"Inua kwanza." Akaivuta barakoa mbele kidogo ijaze hewa, akairudisha ikae yenyewe. Fii ikakatika. Kisha akavuta mkanda wa kulia nusu, wa kushoto nusu, akapitisha vidole vyake viwili chini ya mkanda. "Vidole viwili viingie bila kusukumana. Vikikataa, umekaza mno."

"Mpaka isimame," Urbano akasema ndani ya barakoa, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Isilie," Eliana akamalizia.

Akafumba macho kutuonyesha jinsi atakavyolala. Hakuyafumbua.

Tulitoka kwa ncha za vidole. Tukakaa uani, Rukaiya akapewa karanga. Dakika kumi baadaye akaingia mzee Simoni na dumu lake, jirani wa chini ambaye masikio yake hayasikii vizuri na kwa hiyo anadhani yetu pia hayasikii.

"HODI! MAFUTA YAPO?"

Tukamrukia watatu. "Shh! Urbano amelala."

Simoni akasimama, akatega sikio lake zuri kuelekea dirishani. Uso ukambadilika. Akaivua kofia yake. "Ameaga lini?"

"Amelala, baba!"

"Mbona kimya?"

"Ndiyo amelala!"

Hakuamini mpaka alipochungulia mlangoni na kuona kifua kinapanda na kushuka, taratibu, kama mtu asiye na deni na pumzi yake. Alikaa na sisi. Hakuna aliyemwambia akae. Majirani wawili wengine walipita, wakauliza kwa nini tumekaa uani tunasikiliza, nao wakakaa. Mpaka saa kumi na moja tulikuwa watu kama wa kikao cha harusi, tunasikiliza mtu asiyekoroma.

Alipoamka alitoka mlangoni na Mkonga mkononi, akatuona wote, akauliza, "Nani amezima mashine? Nimesikia kimya kikubwa."

Toka hapo sikuruhusiwa kuigusa barakoa, ruhusa yangu ilikuwa ya macho tu. Kila asubuhi nilipiga kelele juu ya uzio, "Umeosha?" naye anajibu, "Kivulini!" Kitambaa cha bluu kilikuwa kwenye kamba kila siku, kimoja kimoja, kama bendera ndogo ya nchi ambayo watu wake wamelala vizuri. Kidonda kilikauka, kikaacha doa, doa likaanza kufifia. Lile duara langu liliondoka siku ya nne, nashukuru.

Siku ya arobaini tulikwenda watatu. Urbano alikuwa amevaa suti. Alisema mashine imelala naye siku nyingi, lazima aiage kwa heshima kama inaondoka. Alikuwa anatania, lakini mkono ulioshika begi haukutania.

Daktari akachomoa kikadi, akakiweka kwenye kompyuta, ikatokea michoro. Siku tano za mwanzo, mistari mirefu imesimama. Kisha katikati, mapengo tu, mstari mfupi hapa, hakuna pale, kama meno ya bibi. Kisha usiku ishirini, mmoja baada ya mwingine, mirefu, imejipanga kama alizeti kwenye mstari.

Daktari akaweka kidole kwenye yale mapengo. "Hapa katikati kulikuwa na nini?"

"Mafuta," akasema Urbano.

"Na kukaza," akasema Eliana.

Mimi nikaangalia dari.

"Na shemeji," akamalizia Urbano.

Daktari alitaka aelezwe, akaelezwa yote, pamoja na brashi. Nilivumilia. Aliangalia pua kwa karibu, akabonyeza kidogo pale penye doa. Akaangalia tena ile mistari ishirini, akaipitia mmoja mmoja, na mimi nikamsikia Eliana anahesabu chini ya pumzi, kama alivyokuwa anahesabu zamani. Alifika kumi na nne.

"Mashine hii irudi nyumbani," daktari akasema. "Kukamua, mchana tu, na mama awe karibu na swichi. Siku ukisinzia hata mara moja, unatoka bandani, unanipigia."

Eliana aliacha kuhesabu. Urbano akasimama, akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi na alikuwa ameshajipaka, daktari alibaki anautazama mkono wake unavyong'aa.

Magunia ya kwanza yaliletwa wiki ile ile. Ya kwanza kabisa yalikuwa ya mzee Simoni, alishalala nayo mlangoni kwa maneno yake tangu Jumatano. Nusu ya mtaa ilikuja. Wengine walikuwa na magunia, wengine walikuja na macho tu. Mimi nilileta kofia mpya, nyekundu, nikamwambia nimechagua rangi hiyo ili mkanda ukiila tena tujue vipande ni vya nani. Aliichukua, akaitundika msumarini, mbali na mkanda, akarudi kichwa wazi.

Alivaa viatu vyake. Akaitazama swichi, kisha akamtazama mkewe. Eliana akawasha.

Mashine ilikohoa, ikashika. Kwenye kiungo cha chini palidondoka tone la mafuta, kisha la pili. Urbano akachukua spana, akakaza. Akasikiliza. Akakaza tena kidogo. Mkono ukapanda mara ya tatu, kwa nguvu ile ya zamani. Ukasimama hewani. Akamtazama Eliana pale kwenye swichi, naye Eliana akainua vidole viwili.

Urbano akaiweka spana chini. Tone la tatu halikuja.

Akainamisha kichwa upande, karibu na chuma, kama kijana wa mzee Kitwana.

"Inasema nini?" Simoni akapiga kelele.

"Inasema," Urbano akajibu, uso unang'aa mafuta ya asubuhi kutoka kipaji mpaka kidevu, "wewe mzee una kandambili. Toka nje."